Bibi Harusi wa Kamera ya Pili

Bibi harusi alikuwa mwembamba kuliko unywele, mfupi kuliko punje ya mchele, hana macho wala mdomo, na Dadisi alimpenda tangu siku ya kwanza alipomwona kwenye skrini. Alikuja akicheza. Kiuno chembamba, na nyuma yake shela refu linalong'aa, likipepea kushoto na kulia kana kwamba chini ya bahari kuna ngoma ambayo binadamu hawaisikii. Katika picha elfu arobaini za viumbe vidogo vilivyonaswa baharini na kamera ya pili ya maabara, yeye alitokea mara mia tatu na kumi na mbili. Vitabu vyote vya maabara havikumjua. Dadisi alivipekua kimoja kimoja, akavirudia, na kila alipofunga kitabu alizidi kuvimba kwa furaha.

Dadisi ni jina alilopewa nyumbani akiwa bado na meno ya utoto, kwa ajili ya maswali yake yasiyokwisha, na hata kazini walimwita hivyo hivyo. Tusifichane: hakuwa mtu wa kujishusha. Alijua kazi yake, na alijua kwamba anaijua. Siku hiyo, saa nane mchana, angesimama mbele ya kamati iliyokuwa inachagua nani apande meli ya utafiti na kamera ya pili kwa miezi minane. Nafasi ilikuwa moja na waombaji watatu. Wenzake walikuwa na michoro na majedwali. Yeye alikuwa na bibi harusi.

Nyumbani mambo yalikuwa yameshapita mipaka. Mama yake, fundi cherehani ambaye siri kwake haikai hata nusu saa, alikuwa amewatangazia wateja wote kwamba mwanawe amegundua mnyama mpya wa baharini na atampa jina la bibi mzaa mama. Wateja walipongeza huku wakipimwa viuno.

Saa tatu asubuhi mlango wa ofisi ukagongwa mara mbili, kisha mara moja. Dadisi hakuhitaji kuuliza. Alijipitishia mkono kichwani, akaweka nywele sawa, akasema, "Pita, Fundi."

Aliyeingia alikuwa Fundi Miwani, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ingeweza kukata karatasi. Mfukoni mwa shati alichomeka, kama kawaida yake, kile kioo kidogo cha kukuzia anachokitumia kukagua lenzi dukani kwake. Alisimama, akamtazama Dadisi kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha akarudi machoni na kubaki hapo.

"Wanakamati wana kazi leo," alisema. "Watasikiliza au watatazama?"

"Watafanya vyote viwili. Wana macho na masikio."

"Mimi nikikutazama masikio huwa yanakufa."

"Ndiyo maana nikikutuma kitu unaleta kingine," Dadisi akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Walikutana kwa ajili ya kamera hiyo hiyo. Miezi saba nyuma dirisha lake la kioo lilipata ufa, na waliotengeneza kamera wakasema kioo kingine kitachukua miezi minne kufika. Dadisi hakuwa na miezi minne. Alibeba mtungi wa chuma wenye kamera kifuani mwake kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akaingia nao kwenye duka la miwani lililo nyuma ya benki, akauweka mezani na kuuliza, "Unaweza kunitibia huyu?" Fundi aliuzungusha mtungi, akapitisha kidole kwenye ufa, akanyanyua macho. Kioo alikikata na kukisugua mwenyewe kwa siku tatu. Siku ya nne, wakati anakiweka kwa gundi, Dadisi alikuwa amemsimamia kichwani akitazama saa ukutani: "Fundi, boti inaondoka. Fundi, wananisubiri. Fundi, jamani." Fundi alimaliza, akafuta, akamkabidhi. Wiki iliyofuata Dadisi alirudi dukani kushukuru, na wiki iliyofuata tena akarudi bila sababu yoyote inayoeleweka.

"Sasa fumba macho," Dadisi alimwambia Fundi.

"Nitaibiwa."

"Fumba, wewe mtu!"

Alimshika mkono, akamvuta hadi mbele ya ukuta. Kiganja cha Fundi kilikuwa kigumu penye vidole na laini katikati, na Dadisi alikishikilia muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akawasha mashine ya kuonyeshea picha. Ukuta mzima ukajaa picha za bibi harusi, kila mmoja mkubwa kama mlango.

"Fumbua."

Hadi siku hiyo Fundi alikuwa amemsikia tu bibi harusi kwa maneno, maana Dadisi alitaka kumshangaza. Alifumbua macho na kutabasamu. Tabasamu likakaa kidogo, halafu likaanza kupungua. Akasogea karibu na ukuta, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Sema basi," Dadisi alimhimiza. "Si mzuri?"

"Mzuri." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hizi picha zilivyo hapa, ndivyo zilivyopigwa?"

"Hapana. Kamera inapiga picha kubwa, kumi kila sekunde. Kompyuta inaangalia nini kimesogea, inakikata, inakiweka peke yake. Kisichosogea inakifuta, kwa kuwa kisichosogea ni uchafu wa kwenye kioo. Mimi napanga hivi vipande vidogo."

"Na zile kubwa?"

"Zipo. Nani ana muda wa kuzitazama?"

"Naomba nitazame moja."

Dadisi alishusha pumzi kama mwalimu mwenye mwanafunzi mkaidi, akaketi, akafungua picha nzima. Bibi harusi alikuwa pembeni kabisa, juu kushoto, shela likielekea katikati.

"Nyingine," Fundi akasema.

Juu kushoto.

"Nyingine."

Juu kushoto. Ya nne, ya saba, ya kumi na moja, zote juu kushoto, kana kwamba baharini kuna mlango mmoja tu na yeye hajui mwingine. Vidole vya Dadisi vilipunguza mwendo kwenye kitufe. Fundi alichomoa kioo chake cha kukuzia, akainama hadi pua ikakaribia kugusa skrini, akatazama pale mwili wa bibi harusi unapoishia. Akainuka.

"Dadisi, huyu si mnyama. Ni gundi."

"Gundi gani?"

"Yangu. Ile niliyozungushia kioo. Kuna kiuzi kilichojitokeza nje wakati inakauka. Nilitakiwa kukikata. Sikukikata."



"Gundi haichezi," Dadisi alisema.

"Hii ni ya mpira, laini. Maji yakiipiga inapepea. Kompyuta yako imeona kitu kinasogea, ikaamini. Mkondo ukiwa mdogo kinajikunja pembeni, hakionekani. Mkondo ukiwa mkali kinaingia mbele ya kioo."

Dadisi alikumbuka kwamba katika ripoti yake, ukurasa wa nne, aliandika kwa kujiamini kabisa kwamba kiumbe huyu hupenda mkondo mkali. Lakini mtu aliyepanda ngazi kwa miezi saba haruki chini kwa sababu ya neno moja. Alisimama.

"Umechagua siku."

"Sikuichagua. Nimemwona leo."

"Zimebaki saa tano tu kabla ya kamati! Juzi ulikaa kwetu sebuleni, mbele ya Mama, ukasema miezi minane ni mingi. Au nimeota?"

"Nilisema. Na ni mingi. Hata sasa hivi ni mingi."

"Basi ndiyo hiyo. Hutaki niende."

Fundi alimtazama kwa macho ya mtu aliyepigwa kofi na anayetaka kuhakikisha kama kweli ni kofi. "Ningetaka ubaki ningekwambia ubaki. Nina mdomo. Nisingeiumbua kazi ya mikono yangu. Unajua wateja wangu wanakuja kwa nini? Kwa sababu wanaamini sikosei."

"Na mimi wananiamini kwa nini, Fundi?"

"Kwa sababu hukubali kitu mpaka ukione. Sasa ona."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka bila kugongwa, na Mama akaingia. Mkononi alining'iniza koti la bluu alilolishona wiki nzima kwa ajili ya siku hii, na futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni, kwa kuwa alisahau kuivua. Alikuwa amesikia ya kutosha.

"Shikamoo, Mama," Fundi alisema.

"Marahaba. Unasema mnyama wa mwanangu ni nini?"

"Ni kosa langu, Mama. Gundi yangu."

Mama aliliweka koti juu ya kiti taratibu, na waliomjua wangejua kwamba utaratibu huo si amani. Alikuwa na sababu yake ya zamani. Ujanani mwake alipata nafasi ya kwenda mbali kusomea ushonaji wa nguo za jukwaani, nafasi iliyotafutwa na wengi. Mumewe, Mungu amrehemu, alisema maneno manne tu: miezi sita ni mingi. Mama hakwenda. Ndiyo maana juzi, kijana huyu alipofungua mdomo na kusema miezi minane ni mingi, Mama alikunywa chai yake hadi mwisho, akamsindikiza mgeni hadi mlangoni, na aliporudi akatamka: "Huyo simshonei hata kitufe." Katika familia ile hukumu hiyo haikuwa ndogo. Mashemeji wawili wa Dadisi, wote waliooa dada zake, walioa ndani ya makoti ya Mama. Asiyepimwa na Mama hakuwa ameingia bado.

"Baba," Mama alisema sasa, "wanaume wa kuzuia nawajua kwa harufu. Hawasemi usiende. Wanasema kuna tatizo."

"Tatizo lipo kweli, Mama."

"Nenda kafungue duka lako. Mwanangu ana kazi."

Fundi hakubishana. Alimgeukia Dadisi, na macho yao yalipokutana hakuna aliyeyakwepa ya mwenzake. "Iweke kamera kwenye maji matupu," alisema. "Maji yasiyo na kitu chochote. Washa pampu. Asipotokea, usinifungulie mlango tena, na mimi sitagonga."

Akatoka. Kioo chake cha kukuzia kilibaki juu ya meza, na Dadisi alijua kwamba katika maisha yake yote mtu yule hajawahi kukisahau mahali.

"Vaa koti nikuone," Mama akasema.

"Bado, Mama."

"Saa zinakwenda."

"Zitanikuta." Alikuwa ameshabeba ule mtungi wa chuma kutoka kabatini.

Chumba cha matangi kilikuwa mwisho wa korido. Hapo palikuwa na tangi la vioo lenye maji yaliyochujwa mara tatu, safi kiasi kwamba hata chembe ya vumbi ingejiona mpweke. Dadisi alishusha kamera ndani, akaunganisha waya, akaweka skrini mezani. Mama alisimama nyuma yake, mikono kifuani, kama mtu anayesubiri mteja amalize kulalamika.

Kwa dakika moja skrini ilikuwa nyeupe tupu. Dadisi alianza kutabasamu. Alijiona akienda dukani kwa Fundi, akisimama mlangoni, akisema... hakujua angesema nini, lakini angesema kwa sauti ya juu. Ndipo akakumbuka pampu.

Alibonyeza swichi. Maji yakaanza kuzunguka.

Juu kushoto, pole pole, kwa madaha yake yote, bibi harusi akaingia.

"Si huyo!" Mama alipiga makofi. "Si huyo hapo anacheza! Yu hai! Nilikwambia! Ngoja nimfuate yule kijana nimwonyeshe..."

"Mama."

"...nimlete hapa hapa ashuhudie kwa macho yake ya kioo..."

"Mama. Ndani ya haya maji hakuna kitu kilicho hai."

Mikono ya Mama ikasimama hewani. Alitazama tangi, akatazama skrini, akamtazama mwanawe. Bibi harusi aliendelea kucheza, hana habari.

Dadisi aliketi kwenye kigoda. Miezi saba. Jina la bibi. Ukurasa wa nne. Na juu ya yote hayo, uso wa Fundi alipoambiwa hutaki niende. Hilo ndilo lililouma zaidi, na alijishangaa kwamba ndilo.

Mama alisogea hadi kwenye tangi. Aliinama, akakunja macho kama anayetunga uzi kwenye sindano, akatazama ukingo wa kioo cha kamera kwa muda.

"Uzi haukukatwa," alisema.

"Nini?"

"Mwisho wa mshono. Ukiharakishwa na mteja unafunga, unapiga pasi, unampa aende. Kesho unamwona mtu kasimama barabarani na uzi unaning'inia mgongoni." Akajinyoosha. "Mara ngapi yamenikuta. Alikuwa anaharakishwa na nani?"

 Masikioni Dadisi alijisikia mwenyewe: Fundi, wananisubiri. Fundi, jamani.

"Na mimi," alisema.

Mama alivuta kiti, akaketi karibu naye. Kwa muda walitazama skrini pamoja, kama watu walioalikwa harusini bila kuwajua wenyeji.

"Nani mwingine anajua?" Mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sisi watatu."

"Basi si wengi. Nenda kaonyeshe. Ukishapanda meli, utajua la kusema."

Dadisi alimgeukia. Alimwona mama yake alivyo, mwanamke aliyekosa safari moja na hajaacha kuitazama tangu siku hiyo, na hakukasirika. Alimshika goti.

"Mama, mnunuzi akikuuliza nguo imeshonwa vizuri, na wewe umeona uzi, unamwambiaje?"

"Mimi? Naivuta mkononi mwake, naukata."

"Haya."

Mama alitazama tena ukingo wa kioo. Kisha akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwa Dadisi, "Angenyamaza yule, nani angemjua? Kioo kingekuwa chini ya bahari." Alivua futi shingoni, akaiviringisha kidoleni, akaivaa tena. "Hilo duka lake liko wapi vile?"

"Nyuma ya benki. Mwambie aje na kibano na wembe wake mdogo. Na Mama, mwambie..."

"La kwako utamwambia mwenyewe. Mimi nina la kwangu, nalo linanitosha." Mlangoni aligeuka. "Koti livae. Hata ukienda kushindwa, shinda kwa mavazi."

Saa nane kasorobo Dadisi alikuwa ameshafuta ripoti yake kuanzia ukurasa wa nne na kuandika upya mambo matatu. Saa nane kamili alisimama mbele ya meza ndefu, ndani ya koti la bluu lililomkaa kama alizaliwa nalo. Upande wa pili walikaa watu watano. Katikati alikuwa Mkuu wa maabara, mama mrefu mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akipiga miayo wala akicheka kazini.

"Tumesikia una kiumbe kipya," Mkuu alisema. "Habari imefika hadi kwa mtu anayenishonea."

"Sina, Mkuu."

Kalamu mbili zikasimama. Mzee mwenye kipara, aliyekaa mwisho wa meza, akainua kichwa.

Dadisi aliwasha mashine ya picha. Hakutafuta maneno ya kujifunika. Alimwonyesha bibi harusi katika uzuri wake wote, akaacha wamtazame, wamsifu kimoyomoyo kama yeye alivyomsifu. Kisha akaonyesha picha nzima, ishirini mfululizo, juu kushoto, juu kushoto. Kisha tangi la maji matupu.

"Ni uzi wa gundi kwenye ukingo wa dirisha," alisema. "Unasogea, kwa hiyo kompyuta haikuufuta. Mimi nilitazama vipande tu, sikutazama picha nzima hata siku moja. Kosa hilo ni langu. Kioo kiliwekwa kwa haraka kwa sababu nilimharakisha aliyekiweka. Hilo nalo ni langu. Nimeondoa picha mia tatu na kumi na mbili. Zinabaki elfu thelathini na tisa mia sita themanini na nane, na hizo nimeanza kuzikagua kwa mahali zilipotokea, si kwa sura peke yake."

"Kwa hiyo," mzee mwenye kipara alisema, "umekuja mikono mitupu."

"Nimekuja na kamera ambayo kosa lake nalijua." Dadisi hakupepesa macho. "Zipo kamera nyingine nne humu ndani. Naomba kuuliza: ni ipi kati ya hizo imewahi kuwekwa kwenye maji matupu kabla ya kwenda baharini?"

Walitazamana. Mmoja alikohoa. Swali lilikuwa jepesi, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo.

"Naomba iwe kanuni," aliendelea. "Kila kamera, kila safari, nusu saa kwenye maji matupu na pampu ikiwa imewashwa. Kitakachoonekana humo si cha bahari. Ni chetu."

Mkuu aliweka kalamu chini. "Nani aliligundua hili? Wewe?"

"Hapana. Aliyekiweka kioo. Alitazama mara moja asubuhi hii, akaniambia, na mimi nikamtukana."

"Fundi gani huyo?"

Kama Dadisi angefikiri, angesema fundi wa miwani, wa nyuma ya benki. Hakufikiri.

"Mchumba wangu," alisema.

Neno lilitoka zima, kwa sauti ya kamati, likasikika hadi kwenye korido, na hapo akakumbuka kwamba mtu huyo hajawahi kumposa wala yeye hajawahi kuulizwa. Uso ulimwaka. Lakini hakulirudisha.

Mkuu alimtazama kwa muda uliotosha kumaliza kikombe cha chai. Halafu pembe moja ya mdomo wake ilifanya kitu ambacho watu wa maabara ile walikuja kubishana juu yake kwa mwezi mzima.

"Meli inaondoka baada ya siku kumi na moja," alisema. "Kesho kamera zote tano zinaingia kwenye tangi, na wewe ndiye utakayesimamia. Nguo za baridi unazo?"

"Nitashonewa, Mkuu."

Korido ilikuwa na benchi moja refu. Mwisho wa huku alikaa Mama, mkoba mapajani. Mwisho wa kule alikaa Fundi, kikasha cha vifaa mapajani. Katikati yao palikuwa na nafasi ya kutosha mtu wa tatu mnene. Walisimama wote wawili kwa pamoja.

Dadisi alienda moja kwa moja hadi mbele ya Fundi. Alitoa mfukoni mwa koti kile kioo cha kukuzia, akamchomekea kwenye mfuko wa shati mahali pake, na mkono wake ukabaki hapo, juu ya kifua kilichokuwa kinadunda kama cherehani ya Mama siku za harusi.

"Nimemwona," alisema. "Yuko vile vile ulivyosema. Nilikukosea, Fundi. Neno lile asubuhi sikupaswa kukwambia. Nisamehe."

"Nimeshasamehe tangu njiani. Mama alinieleza mengi." Alimeza mate. "Na mimi ningekata ule uzi siku ile, tusingefika hapa."

"Tungefika. Kwa njia nyingine."

"Kuna jambo moja lakini." Fundi alijaribu kuweka uso wa kazi, ukamshinda. "Nimekaa hapa kwenye benchi, nikasikia mlangoni kwamba nina mchumba. Nataka kujua ni nani huyo, na alinikubali lini, maana mimi sikupata taarifa."

"Umepata sasa. Unalo pingamizi?"

"Sina," alisema haraka. "Sina hata moja."

Walicheka, na katikati ya kicheko machoni mwa Dadisi kukajaa maji, kwa kuwa alikuwa bado hajasema lililobaki. "Wamenipa nafasi. Siku kumi na moja."

Mama, aliyekuwa akijifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba, aliacha kutafuta.

Fundi alimtazama Dadisi jinsi anavyotazama lenzi kabla ya kuikata, akihesabu kila upande. Kidole gumba chake kilipita polepole juu ya vidole vya Dadisi vilivyokuwa kifuani mwake.

"Miezi minane ni mingi," alisema. Kisha akaongeza, "Nenda. Kesho nitakuja tangini nikikate kile kiuzi, na nitakikagua kioo mara tatu, na safari hii ukinitazamia saa nitakufungia nje."

Mama alisikia nusu ya kwanza, ambayo aliijua kwa moyo. Ile nusu ya pili alikuwa ameingoja miaka thelathini kutoka kwa mtu mwingine, na haikuja. Aligeuza uso dirishani kidogo. Alipougeuza tena ulikuwa umekauka, na mikono yake ilikuwa inavua futi shingoni.

"Wewe," alimwita Fundi. "Simama wima."

"Mimi, Mama?"

"Kuna mwingine? Nyoosha mkono. Si hivyo, kama mtu mwenye mifupa." Futi ikapita begani, ikashuka hadi kwenye kifundo cha mkono, ikazunguka kifua. Fundi alisimama kama mti, haelewi, akimwomba Dadisi kwa macho amweleze. Dadisi aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Mama," Dadisi aliuliza, "unampima wa nini?"

"Miezi minane inatosha kushona koti," Mama alijibu, akiandika vipimo nyuma ya risiti. "Na wewe baba, ole wako unenepe."